Niliacha Mstari Mmoja, Nikamfuta Mama Yangu

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, nimeolewa, nina mtoto mmoja wa kike. Naishi hapa Dodoma mjini. Haya ninayoyaandika mume wangu anayajua nusu tu, nusu nyingine ataisoma hapa pamoja nanyi. Mnihukumu mnavyotaka... mimi nimekwisha kujihukumu.

Jina langu ni Damari. Nimelelewa na baba peke yake, na baba yangu alikuwa haoni.

Msinionee huruma kwa hilo, maana yeye mwenyewe hakuipenda huruma ya mtu. Mzee Elieza alipoteza macho kwa surua akiwa mdogo, akasomeshwa shule ya wasioona ya Buigiri, akatoka huko anasoma na kuandika kwa nukta nundu, zile wanazosoma kwa vidole. Aliajiriwa kupokea simu katika ofisi moja hapa mjini hadi alipostaafu. Alikuwa mbishi, mpenda shati jeupe lililonyooka, na chai yake lazima iwe ya kuunguza ulimi. Ukimwekea iliyopoa anairudisha bila kuionja. Alikuwa anajuaje? Sijui mpaka leo.

Kuhusu mama nilijua jina moja tu, Anjela. Nilipouliza nikiwa mdogo nikaambiwa aliondoka. Hakufa, aliondoka. Kwenda wapi? Kwa nini? Yupo hai? Baba anageuza uso, anaomba nimwashie redio. Shangazi yangu wa Mpwapwa naye hakujua zaidi ya kwamba siku moja kaka yake alimletea mtoto wa miezi minane amsaidie kumwogesha. Na kwetu sisi baba hakai chini na binti yake akamsimulia alivyompenda mama yake. Ni aibu kwa wote wawili. Basi nikakua na swali langu kifuani.

Lipo jambo jingine la kukiri mapema. Baba alitaka kunifundisha nukta zake. Alichimba vishimo sita ardhini nyuma ya nyumba, akawa ananiwekea karanga, moja hapa, mbili pale, na kila mpangilio ni herufi. Nilikuwa na miaka tisa. Wenzangu wakanicheka kwamba najifunza upofu. Nikala karanga zote, nikakimbia kucheza. Baba alicheka, hakunilazimisha tena. Laiti angenichapa!

Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea uhazili, nikaajiriwa kama mpiga chapa katika shirika moja la umma. Hiyo ilikuwa miaka ya mageuzi, ya soko huria, mitumba imejaa kila kona na mashirika yanauzwa. Kila Jumatatu tulikuja kazini tukitazama kwanza ubao wa matangazo kama jina letu lipo.

Katika ofisi ya chapa tulikuwa wawili, mimi na Zuhura. Zuhura alitoka Kondoa, ni Mrangi, mdogo kwangu kwa miaka mitatu. Mimi ndiye niliyempokea, nikamwonyesha masijala iko wapi na bosi yupi hapendi makosa. Akaniita dada. Nilipojifungua, ndiye aliyenipikia uji wiki nzima. Kama kuna mtu aliyenipenda bila sababu, ni huyo.

Kisha ikaja kompyuta. Moja tu, ofisi nzima! Ikawekwa katika chumba chake, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na kwa sababu ya vumbi letu la Dodoma ikatolewa amri kwamba anayeingia avue viatu mlangoni. Hata Meneja alivua. Tuliingia pekupeku, tunanong'ona.

Akaja mwalimu kutoka Dar es Salaam, akakaa siku mbili. Zuhura alikuwa amekwenda kwao msibani, kwa hiyo nilifundishwa peke yangu. Mashine ile haikuwa na picha wala vitu vya kubofya. Ilikuwa kioo cheusi na herufi nyeupe, na wewe unaandika amri, unabonyeza, inatii. Mwalimu alitaja, mimi nikaandika daftarini kama mtoto wa shule anayeandika imla. Amri ya kwanza: FORMAT C. Ikiuliza, jibu Y. Ya pili, weka disketi namba moja, andika A. Ya tatu, andika INSTALL. Ya nne, ikidai disketi nyingine, ipe. Sikuelewa hata moja, lakini nilizikariri kama sala.

Wakati anaondoka mwalimu akanyoosha kidole kwenye ule mstari wa kwanza. Akasema huo ni kwa mashine mpya tu, isiyo na kitu. Ikishakuwa na kazi za watu ndani usiuguse kabisa, maana unafuta kila kitu. Nikaandika maneno hayo pembeni, nikayapigia mstari kwa wino mwekundu. Wasomaji, kumbukeni huo wino mwekundu.

Zuhura aliporudi nilimfundisha kuandika na kuhifadhi kazi. Katika miezi michache akanipita. Alichapa bila kutazama vidole, akicheka, mimi bado natafuta herufi. Mabosi wakaanza kuulizia, "Zuhura yupo?" Nikawa nasikia kitu kinanichoma kifuani.

Halafu baba naye akaanza kumjia.

Kila Jumatano na Ijumaa, saa tisa na nusu watu wanapotoka kazini, mzee wangu anafika na fimbo yake nyeupe na shati lake lililonyooka. Anavua viatu mlangoni, anavipanga, anaingia kwa Zuhura. Meneja, aliyekuwa akimheshimu tangu enzi za simu, aliwapa ruhusa ya saa moja. Baba anasimulia, Zuhura anachapa. Mimi nikiingia baba ananyamaza. Nikamuuliza nyumbani anachochapisha ni nini. Akanijibu kwamba ni mambo yake.

Mambo yake! Na mimi, mwanawe wa pekee, mpiga chapa mwenye cheti, niko chumba cha pili naendelea na mambo gani? Niliwasikia wakicheka kupitia ukuta. Mara moja nilisikia baba analia, na Zuhura anamwambia taratibu, "Pumzika kwanza, baba." Baba! Nilisaga meno siku ile hadi taya likaniuma.

Hapo ndipo tetesi zilipoanza kwamba wafanyakazi watapunguzwa na katika chapa atabaki mmoja. Mume wangu wakati huo hakuwa na kazi. Baba alikuwa kwangu, mtoto ananyonya. Ningekwenda wapi?

Makao makuu wakatuletea programu mpya ya kuchapia, disketi tano ndani ya boksi. Meneja akaagiza kwamba kwanza nitengeneze nakala ya kila disketi, kwa usalama, halafu Jumatatu ipakiwe. Ilikuwa Ijumaa. Kabatini nikakuta disketi tupu nne. Nikafungua droo ya Zuhura nikaona moja. Kikaratasi chake cheupe hakikuwa na maandishi ya kalamu, kilikuwa na nukta. Baba alikuwa amezitoboa kwa ile sindano yake ya kuandikia.

Niliziona hizo nukta. Sitawadanganya kwamba sikuziona. Nilijua ni kazi ya baba na Zuhura. Nikajiambia kwamba hii ni nakala tu, kazi yenyewe ipo kwenye mashine, atahifadhi tena. Nikaifuta, nikaigeuza disketi namba tatu, nikaandika "3" kwa kalamu juu ya nukta za baba.

Jumatatu asubuhi Meneja akaja na karatasi mkononi, akasema kwamba programu ataipakia Zuhura, anataka kuona. Anataka kuona nini? Nilijua moyoni kwamba huo ndio mtihani na mimi nimeshaufeli kabla ya kuufanya. Zuhura akanijia na tabasamu lake, akaniomba daftari la amri za mwalimu.

Nikamwambia daftari limechafuka, nitamwandikia upya. Nikachukua karatasi safi, nikaandika kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote. Amri ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Zote. Nilichokiacha ni yale maneno ya pembeni, yenye wino mwekundu. Mstari mmoja tu!

Nilikuwa nataka nini? Nilijiuliza swali hilo mara elfu. Nilitaka aharibu kidogo. Barua za ofisi zote zina nakala za karatasi masijala, zingechapwa upya. Nilitaka agombezwe, Meneja aseme afadhali Damari, basi. Na kazi ya baba? Nikajiambia Zuhura ni mwangalifu, lazima anayo kwenye disketi nyingine. Mnaona nilivyokuwa? Nilipofuta disketi nilijiambia ipo kwenye mashine. Nilipokuwa nafuta mashine nikajiambia ipo kwenye disketi.

Tuliingia pekupeku. Yeye alikaa, mimi nikasimama nyuma yake. Sakafu ilikuwa ya baridi. Akaandika amri ya kwanza, akabonyeza. Mashine haikutii mara moja, ilileta maneno ya Kiingereza kwa herufi kubwa. Zuhura akayasoma polepole, kisha akageuka kunitazama.

"Dada Damari, hii inasema vilivyomo ndani vitapotea. Niendelee?"

Wasomaji wenzangu, mashine ile haina moyo, lakini iliuliza. Zuhura naye aliuliza. Nilipewa nafasi mbili.

"Fuata karatasi," nikamwambia. "Ndivyo inavyosema siku zote."

Akabonyeza Y.

Namba zikaanza kupanda kwenye kioo. Asilimia moja, mbili, tatu... taratibu, kama mtu asiye na haraka. Ilipofika kumi nilitaka kusema. Waya wa umeme ulikuwa karibu na mguu wangu, ningeweza hata kuung'oa. Sikuung'oa. Nilisimama pale nikitazama namba kana kwamba ni mtu mwingine anayefanya. Ilipofika sabini nikakumbuka ile disketi, namba tatu. Itakuwaje kama haina mwenzake? Tisini. Mia moja. Mashine ikatulia, ikangoja amri nyingine.

Zuhura akaendelea. Disketi za nakala, namba moja, mbili, tatu. Ile ya tatu aliichomeka bila kuitazama. Programu ikapanda vizuri, Meneja akaitwa, akafurahi, akapiga makofi. Kisha akaomba aonyeshwe barua ya wiki iliyopita. Zuhura akatafuta. Akatafuta tena. Hakukuwa na kitu.

Meneja alifoka sana, lakini Zuhura hakuonekana kumsikia. Alikuwa anasema jambo moja tu, kwa sauti ndogo. "Kazi ya mzee."

Kisha akakumbuka disketi yake, akakimbilia droo. Haimo. Akapekua kabati. Mwisho akalifungua lile boksi la nakala, akazipitisha moja moja mkononi. Kwenye namba tatu kidole chake kikasimama. Akakipapasa kile kikaratasi, nukta ziko pale pale chini ya wino wangu. Akanitazama. Sikuweza kuyainua macho. Akalikunja lile karatasi nililomwandikia, akaliweka mfukoni mwa gauni.

Majina ya waliopunguzwa yalibandikwa siku chache baadaye. La kwake lilikuwepo, la kwangu halikuwepo. Nilichotaka nilikipata!

Kabla hajaondoka alikuja nyumbani kumwambia baba mwenyewe. Akamwamkia, "Shikamoo baba," akapiga magoti, akasema kwamba amekosea amri, amefuta kila kitu, amsamehe. Amekosea yeye! Mimi nilikuwa jikoni na sufuria mkononi, nasikia. Hakunitaja. Kidole cha baba kikazunguka ukingo wa kikombe. Chai ilipoa mbele yake na hakuirudisha.

"Marahaba mwanangu," akasema hatimaye. "Tutaanza tena. Mimi bado nakumbuka."

Hawakuanza tena. Zuhura alirudi kwao na mwezi haukuisha baba akapata kiharusi. Alianguka akivaa shati. Tulimkimbiza hospitali, akarudi hai, lakini upande wa kushoto ulikuwa umekufa na ulimi ulikuwa umefungwa. Mtu mbishi kama yule, aliyepata mshahara wake maisha yote kwa sauti yake, akabaki anakoroma tu.

Kilichobaki kwake kilikuwa mkono wa kulia. Nikikaa kumlisha aliutafuta mkono wangu, akakifungua kiganja, akaanza kubonyeza kwa ncha ya kidole. Hapa, hapa, pale. Anangoja. Anarudia. Hapa, hapa, pale. Alikuwa ananiandikia! Alikuwa ananiambia jambo na mimi sikujua herufi hata moja. Nikamwambia, "Baba sielewi," naye machozi yanamtoka kwenye macho yasiyoona, anaanza upya. Shangazi alidhani ni kutetemeka kwa ugonjwa. Mimi nilijua si kutetemeka.

Nilimwomba Mungu anipe muda nijifunze. Nikamtafuta mwalimu mmoja mstaafu, naye haoni, tukapanga nianze wiki inayofuata. Wiki hiyo baba akafa. Tulimzika na shati lake jeupe, na kiganja changu kilikuwa bado kinasikia kidole chake.

Nilianza masomo baada ya matanga. Kwa nini, wakati hayupo tena? Sijui. Nilikuwa sina jingine la kufanya. Mwalimu hakutumia karanga, alitumia karatasi ngumu, na mimi nilikuwa mzito, vidole vyangu vimezoea kupiga, havikuzoea kusikiliza. Ilinichukua miezi minne.

Siku nilipoweza, nilivua viatu, nikaingia chumba cha kompyuta, nikaitoa disketi namba tatu kwenye boksi. Nikafumba macho, nikaweka kidole. Nilisoma herufi moja moja, kama mtoto. D. A. M... Nikasita. Nikaanza tena.

*Damari asome mwenyewe.*

Ndiyo yaliyoandikwa pale. Maneno matatu. Yalikuwa yangu tangu mwanzo!

Nikapanda basi kwenda Kolo, huko Kondoa, nilikosikia Zuhura ameolewa. Nilimkuta uani akianika mtama, mjamzito. Aliponiona aliinuka akanikaribisha, akaniletea maji ya kunywa kama mgeni yeyote. Nilimwambia yote, neno kwa neno, nikilia. Akasema alikuwa anajua tangu aliposhika ile disketi. Akaingia ndani, akatoka na lile karatasi langu lenye mwandiko mzuri, limekunjwa vilevile.

Nikamuuliza kwa nini hakumwonyesha Meneja.

"Ungefukuzwa," akasema. "Mzee angelishwa na nani?"



Nikamwomba anisimulie alichokuwa anachapa. Akaniambia baba alimweleza kwamba mambo haya mzazi hawezi kumwambia binti ana kwa ana, lakini binti anaweza kuyasoma peke yake bila mtu kuona haya. Akaniambia anachokumbuka. Baba na mama walijuana kwa sauti. Mama alikuwa anaunganisha simu Tabora, baba anapokea hapa Dodoma, na kwa miezi mingi waliitana "Dodoma" na "Tabora" kabla ya kutajiana majina. Mama akaja Dodoma kwa treni. Walikaa pamoja miaka miwili, nikazaliwa. Kisha kaka zake wakaja kumchukua, hawakutaka dada yao aolewe na asiyeona, na mtoto wakamwacha. Baba aliendelea kupata habari zake kwa wapokea simu wenzake, miaka yote hiyo. Alijua alipo. Zuhura alikichapa kijiji chenyewe, kidogo, kando ya reli ya kati, upande wa magharibi. Baba alimtajia herufi moja moja kwa sababu yeye Zuhura hakuwahi kukisikia.

"Kinaitwaje?" nikauliza.

Akafumba macho, akaweka vidole vyake juu ya goti, akavichezesha kama anachapa. Alijaribu mara nyingi. Nilimwona anavyojitahidi, kwa ajili yangu, mimi niliyemfanyia vile... Mwisho akafumbua macho, akatikisa kichwa.

"Nilikuwa nachapa, dada. Yalipita vidoleni tu. Nilijua tumeyahifadhi."

Nimerudi Dodoma. Lile shirika nalo liliuzwa, nami nikapunguzwa kama wengine, kompyuta ikabebwa na kitambaa chake. Kazi niliyoigombea sikukaa nayo hata miaka miwili. Disketi ninayo. Nimewapelekea mafundi wawili, wote wameniambia ndani mna programu tu, kipande cha tatu cha tano.

Ndugu zangu, nawaomba. Ukimfundisha mwenzako kazi, mfundishe yote, na lile la pembeni mwambie kwanza. Ukiona wivu umekushika usimsogelee mwenzako na karatasi mkononi. Na kama una mzazi ambaye ana jambo la kukufundisha, hata kama linakutia aibu mbele ya wenzako, kaa chini ujifunze angali hai. Binti yangu sasa ana miaka mitano. Nimemchimbia vishimo sita nyuma ya nyumba, tunaweka karanga, ameshafika herufi ya kumi.

Lakini sikuandika kwa sababu ya mafunzo tu. Niliandika kwa sababu ninyi mnasoma gazeti hili hadi vituo vidogo vya reli, vile ambavyo treni inasimama dakika mbili. Kama kwenu yupo mama mtu mzima anayeitwa Anjela, aliyewahi kuunganisha simu Tabora zamani, tafadhali msomee haya kwa sauti. Mwambie "Dodoma" amefariki. Mwambie alimtafuta hadi mwisho kwa kidole kimoja, kiganjani mwangu. Na mwambie mtoto aliyeachwa na miezi minane yupo, anasubiri, na safari hii hatafuta kitu.